Pengo la Tarumbeta

Juma lililopita nilipita mlango wa pembeni wa kanisa nikakuta akina mama wawili wameketi kwenye ngazi, wanasugua vinara vya altare kwa majivu na limau. Nilikuwa na haraka. Nina haraka siku zote. Ni ugonjwa wa watu wa umri wangu ambao hawana mahali pa maana pa kwenda. Lakini harufu ile ilinishika kooni: majivu yaliyolowa, maji ya limau, na chini yake ule ukali wa madini yanayoanza kung'aa. Nikasimama. Mmoja wao akaniuliza, "Mama, uko natafuta padiri?" Nikamjibu, kwa Kiswahili changu cha vitabuni, kwamba hapana, nimemkumbuka baba yangu tu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kuona kusoma sana humfikisha mtu wapi, kisha akarudia kinara chake.

Nyumbani kwetu Jumamosi zote zilinuka hivyo. Tarumbeta na trombone za kampuni zililala juu ya mkeka uani kama samaki waliovuliwa, na mama alizisugua moja moja huku akinung'unika, kwa sababu sufuria zake mwenyewe hazikuwahi kuonjeshwa limau. Baba alikuwa kiongozi wa orkestra. Wazee wa Kolwezi wanaomkumbuka bado wanamwita Shefu, bila jina, kana kwamba mji huu haukuwahi kuwa na shefu mwingine. Kampuni ya mgodi ilimwajiri atunze ukumbi wa wafanyakazi na kuwafundisha muziki waliotaka. Noti alijifunza kwa mapadri, katika bendi ya misheni kule kaskazini mwa Katanga. Halafu, kama alivyosema nyanya yangu, redio ikamharibu. Redio ilimletea jazi ya orkestra kubwa za ng'ambo: safu ya saksafoni, safu ya tarumbeta, safu ya trombone, watu waliovaa sawasawa wakipuliza kama wana pafu moja. Tangu hapo muziki wa magitaa matatu ukawa kwake kama bukari, ugali wa kwetu, bila mboga. Alitaka safu. Hakusema "wanamuziki wangu", alisema "safu zangu", na alipolewa kidogo alituita hata sisi wanawe safu.

Tangu afariki, vijana wa redio hunijia kuomba kanda zake. Hakuna kanda. Karatasi zake za noti, zile ambazo mchwa hawakuzitaka, zilifungiwa karanga sokoni enzi ya dhiki. Ukumbi sasa ni ghala la magunia ya madini, na ule uwanja wa nyuma, tulipokuwa tukichezea, wachimbaji wameuchimba mpaka umebaki kama mdomo wa mzee. Vijana hao huniuliza basi urithi wake ni upi. Mimi, msomi, huanza kusema mambo marefu. Chuoni niliwahi kuandika sura nzima juu ya ukimya katika muziki, nikapata alama nzuri, jambo linaloeleza mengi kuhusu alama. Ukweli ni mfupi zaidi. Nenda kwenye harusi yoyote ya familia za zamani za kampuni. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, vijana wote wanazomea na kurudi kwenye viti. Akina mama wa umri wa mama yangu hawaondoki. Wanaendelea kucheza ule ukimya, taratibu, mpaka jenereta iwake. Urithi wa baba yangu ndio huo.

Niseme ulivyoanza. Baba alipopewa vyombo, alijiuliza nani ana kifua cha kupuliza tarumbeta. Akafikiri kama mtu wa mji huu: kampuni imekwisha kupima vifua vya watu wote. Wanaoshuka chini ya ardhi ni wale ambao daktari aliwagonga mgongo, akawaambia wavute pumzi, akawapitisha. Wenye vifua dhaifu walibaki juu, kwenye karakana na ofisi. Basi saksafoni, ngoma na gitaa akawapa watu wa juu. Tarumbeta na trombone akawapa watu wa chini. Mama alimwona akitoka nyumba hadi nyumba akiwapima majirani kwa macho, akamwambia, "We baba Feza, uko naangaria bifua bya bantu sawa muntu eko nachagula ngombe." Feza ni mimi.

Lilikuwa wazo zuri lenye kosa moja. Watu wa juu walitoka kazini jioni, wote pamoja. Watu wa chini walifanya kazi kwa zamu, mchana na usiku, na mgodi haulali hata Krismasi, kwani maji ya chini hayajui sikukuu. Zamu moja ikipanda, nyingine inashuka. Wapuliza tarumbeta wa baba walipishana kwenye lifti ya mgodi miaka na miaka, wakisalimiana kwa taa za kofia, wasikutane hata siku moja mbele ya watu. Wawili walikuja kwetu asubuhi kufanya mazoezi macho mekundu, mwingine saa sita, mwingine alasiri. Watu wakamwambia baba atumie aliyepo. Alikataa kabisa. "Tarumbeta moya haiko orkestra," alisema. "Ni muntu anaita mbuzi yake."

Alikuwa ametunga kitu kimoja kirefu, kazi ya maisha yake, kilichopangwa kwa safu zote. Hakukubali kukipunguza. Kwa hiyo sikukuu zilipofika, watu wa juu walikipiga peke yao, na kila zamu ya tarumbeta ilipofika, walinyamaza. Hawakuruka, hawakujaza kwa gitaa. Walinyamaza kwa urefu uleule ambao tarumbeta zingechukua. Baba aliendelea kuongoza kwa mkono wa kulia, akipiga mapigo hewani, na kwa kidole cha mkono wa kushoto alielekeza ardhini. Kisha saksafoni zikarudi kama hakuna kilichotokea.

Watu wa mtaa hawakusoma noti, lakini walikuwa na miguu. Mwanzoni walicheka. Baadaye wakajifunza urefu wa pengo lile, na wanawake, ambao waume zao wengi walikuwa chini saa hiyohiyo, wakalitungia mtindo. Saksafoni zikinyamaza, nao waliacha kuzunguka. Mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya macho kama anayekinga jua, miguu ikisugua vumbi bila kuinuka, uso umegeukia barabara itokayo mgodini. Walikaa hivyo pengo zima, wakiyumba kidogo, kisha muziki uliporudi waliangua kicheko na kuzunguka tena. Mtindo ule waliuita Ngoya, yaani ngoja. Walitoka hata watu wa Kisenge, mji wa mbali, kuja kuuona.

Mimi nilielewa kwa namna yangu. Niliona kidole cha baba kinaelekea chini, nikajua maana yake: saa hii watu wa chini wanapuliza. Wako kule gizani na tarumbeta zao, baba anawaongoza kupitia udongo, na sisi wa juu tunanyamaza kwa adabu ili wamalize sehemu yao. Niliamini hivyo ndivyo jazi ilivyo duniani kote. Kwamba kila mji una watu wake wa chini. Nilimwambia rafiki yangu Kabedi, ambaye baba yake, Tata Kasongo, alikuwa tarumbeta ya kwanza. Tukawa tunalala kifudifudi nyuma ya ukumbi, sikio kwenye vumbi.

"Uko nasikia?" aliniuliza.

"Niko nasikia. Ni baba yako, eko napuliza."

Kabedi alisikiliza kwa bidii mpaka akakunja uso, akataka sababu. "Sasa juu ya nini kwetu anakohoaka tu?"

Nilimwambia labda pumzi zake anazibakiza kule kazini, kama watu wazima wanavyobakiza tabasamu zao. Sina hakika kama nilikosea sana.

Halafu asubuhi moja king'ora cha mgodi hakikulia. Tuliamka tumechelewa, mtaa mzima, tukatoka nje tukitazamana kama watu walioibiwa ukuta. Tulizoea kwamba king'ora ndicho kinachotia maji kwenye sufuria na watoto shuleni. Wanaume waliambiwa waende nyumbani wapumzike mpaka watakapoitwa. Wakapumzika. Walipumzika mpaka mapumziko yakawachosha kuliko kazi, na tangu hapo nimejua kwamba kuna uchovu wa mtu aliyefanya kazi, ambao usingizi unautoa, na uchovu wa mtu anayengoja kuitwa, ambao hautolewi na kitu. Tata Kasongo aliketi mlangoni pake na mabuti yaliyopakwa rangi, akitazama barabara. Kabedi na mimi tulifurahi ajabu: baba wote wapo nyumbani! Tulidhani ni likizo ambayo watu wazima, kwa ujinga wao, hawajui kuila.

Mtu mzima mmoja tu aliifurahia pamoja nasi. Baba alizunguka nyumba akisugua mikono kwa furaha.

"Bantu beko na njala," mama alimwambia, "na we uko nasekelea?"

"Sisekelee, mama Feza. Lakini fikiri! Bote beko ku nyumba. Safu zote! Siku moya tu, ile kitu nitaisikia muzima. Nyuma ya pale, king'ora ilie ao isilie, mi nitakuwa nimesikia."

Mama alirudi jikoni. Alijua, kama sisi sote tulivyojua, kwamba baba hakuwahi kusikia kazi yake isipokuwa kichwani. Alikuwa mtu aliyejenga nyumba na kukaa miaka yote kwenye vyumba viwili, akiwaonyesha wageni kwa kidole vyumba vingine vilipo. Na mama alijua pia kwamba watu wenye njala hawakai mahali pamoja. Wengine walikwisha kuanza kuzungumza juu ya kurudi vijijini, wengine juu ya Lubumbashi. Ikiwa si sasa, safu zile hazingekutana tena.

Aliwaendea mmoja mmoja. Nilikuwepo alipofika kwa Tata Kasongo.

"Shefu," Tata Kasongo alisema bila kuondoa macho barabarani, "unataka tupulize na tumbo wazi?"

"Tumbo wazi njo inapitishaka upepo muzuri," baba alisema, kwa ile "njo" yetu ambayo kwingine ni "ndiyo" au "ndivyo".

Tata Kasongo alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Na kifua je? Hii kifua ulichagula, Shefu, haiko tena ile."

"Utapuliza na yenye ulibakia nayo," baba alisema. "Mi pia niko na yenye nilibakia nayo."

Walifanya mazoezi ukumbini, milango na madirisha vimefungwa, kwa sababu baba alitaka mtaa uisikie mara ya kwanza kwa ukamilifu. Sisi watoto tulifukuzwa mbali kwa mawe madogo. Tuliona tu watu wa chini wakiingia asubuhi wameinama na kutoka jioni wameinama kidogo zaidi, lakini wanabishana. Ilikuwa muda mrefu hatujawasikia wakibishana. Mama Kabedi alisema hata kama ile muziki ni mbovu, aksanti, bwana wake amepata tena mtu wa kutukana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya misa, uwanjani nyuma ya ukumbi. Kila mtu alikuja na kigoda chake. Wanaume wa orkestra walivaa mashati meupe, mengine ya kuazima, na kwa mara ya kwanza niliwaona watu wa chini wamesimama kwenye mwanga wa jua, safu kamili, tarumbeta zikinuka limau. Nilihuzunika. Nilikuwa nimedhani wakikusanyika safu watageuka watu wakubwa, wenye mwanga usoni. Kumbe walibaki walewale, baba wa Kabedi na baba wa jirani na yule mzee wa nyumba ya kona anayetufukuza kwenye mipapai yake. Niliketi chini karibu na miguu ya baba.

Saksafoni zilianza kama kawaida, na watu wakanyanyuka kama kawaida. Hata njaa ilisahaulika kidogo. Mama Kabedi alikuwa mstari wa mbele, mwanamke mnene mwenye miguu myepesi, malkia wa Ngoya. Likaja pengo. Saksafoni zikanyamaza. Wanawake wakashika viuno, wakainua mikono juu ya macho, wakageukia barabara.

Tarumbeta zikaingia.

Nimesikia muziki mwingi tangu siku ile, na mwingine nimelipwa kuusifu. Sijasikia kitu kama kile. Zilipanda pamoja, zikafunguka, trombone zikaja chini yake kama sakafu inayowekwa mtu akiwa tayari ameanza kutembea. Kila kitu ambacho saksafoni zilikuwa zimeuliza miaka yote kikajibiwa. Hayo nayasema leo. Siku ile niliziba masikio. Ilikuwa kelele, na ilikuwa imewekwa mahali petu pa kunyamaza.

Si mimi peke yangu. Wanawake walibaki vilevile, mikono juu ya macho, lakini miguu imekufa. Mmoja alijaribu kuzunguka, akamgonga jirani yake. Mwingine alishusha mkono, akaupandisha, akaushusha. Vicheko vikaanza nyuma. Mzee mmoja akapaza sauti, "Shefu! Bale bantu banakuharibia muziki!" Na mwanamke mmoja, "Bafunge kinywa, shiye tuko nacheza!" Watu wakacheka zaidi, na tarumbeta zikaendelea juu ya vicheko, na kila pengo lililofuata lilipojazwa, wachezaji wengine walikwenda kuketi. Baba hakugeuka. Aliongoza mpaka mwisho, kila noti, mgongo wa shati umelowa. Tulipiga makofi kama tunavyompigia mgeni wa heshima aliyehutubia kwa Kifaransa.

Kisha Mama Kabedi, kwa upole, kama anayemwomba daktari kitu, akasema, "Shefu. Aksanti. Sasa utupigie yetu."

"Yenu gani, mama?"

"Yetu ya kungoya."

Nilimwona baba uso, kwa kuwa nilikuwa chini yake. Alifumba macho. Alikuwa amesikia alichotaka kusikia, na alikisikia peke yake. Wote waliokuwa pale walikuwa wamesikia kitu kingine. Nadhani kama angekuwa na nguvu angekasirika. Hasira inataka mtu aliyelala vizuri. Mama, aliyekuwa ameketi pembeni, alisimama nusu, kisha akaketi tena. Tata Kasongo alikuwa anafuta midomo kwa mkono wa shati.

Baba alifungua macho, akageukia saksafoni, akahesabu kwa sauti ndogo. Zikaanza. Waliokuwa wameketi wakanyanyuka. Nami nikanyanyuka, kwani moyo wangu wa kitoto ulikuwa umerudishiwa kitu chake. Pengo lilipokaribia, watu wa chini wakapeleka tarumbeta midomoni, vifua vimejaa. Baba akainua mkono wa kushoto, akaelekeza kidole ardhini.

Walishangaa. Mmoja alitoa mlio mfupi, akaumeza. Wengine walimtazama Tata Kasongo, naye akamtazama baba, kisha, polepole, akashusha tarumbeta mpaka kifuani, nao wakashusha. Saksafoni zikanyamaza. Uwanja mzima ukanyamaza, isipokuwa miguu ikisugua vumbi. Mkono wa kulia wa baba uliendelea kupiga mapigo.

Tata Kasongo hakuwa na la kufanya ila kutazama. Hakuwahi kuona. Miaka yote ile, kila Ngoya ilipochezwa, yeye alikuwa chini, au amelala akingoja kushuka usiku, na wenzake vivyo hivyo. Alikuwa amesikia tu kwamba wake zao wana mtindo fulani, na kwamba watu wanatoka mbali kuja kuuona. Sasa alimwona mkewe mbele yake, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya macho, anayumba kidogo, uso umegeukia barabara ya mgodi, mbali na yeye. Wanawake wote walikuwa hivyo. Waume zao walisimama nyuma yao, safu kamili, na hakuna hata mke mmoja aliyegeuka.

Tata Kasongo aliinama kuelekea kwa baba. Nilimsikia kwa kuwa nilikuwa katikati yao.

"Shefu," alisema, "njo vile banatungoyaka?"

"Njo vile," alisema baba, mkono bado unapiga. "Nyamaza, hesabu."